Kufuga na Kufunga

Baina ya kitenzi kufuga na kitenzi kufunga pana herufi moja tu, nasi walimu twajua jinsi wanafunzi wanavyovichanganya katika imla. Mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita aliandika katika insha yake ya kwamba "mwalimu amefunga samaki watano darasani". Tulilitia neno lile alama nyekundu.

Samaki wenyewe walikuwa katika tangi la kioo la lita 200. Shule iko Mombasa, bahari si mbali, basi tulidhani kazi ni nyepesi: maji tuliyachota kwa ndoo siku ya Jumamosi, na samaki tukawanunua kwa wavuvi Jumatatu. Ilipofika Alhamisi watatu walikuwa wamekufa, na Ijumaa tukawatoa wawili waliobaki, nao wamekufa. Maji yalikuwa maangavu, mazuri kuyatazama. Hatukujua ya kwamba kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo ni sumu kali kwao. Kwamba katika mawe na mchanga wa bahari wamo bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine waigeuzao nitriti kuwa nitrati, yenye madhara machache zaidi. Na kwamba katika tangi jipya bakteria hao huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 ili waongezeke hata watoshe kazi hiyo. Tangi hungoja muda huo wote bila samaki. Baharini kazi hii haina msimamizi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na samaki haulizi ni nani aliyeyasafisha.

Habari ile ilimfikia babu wa mwanafunzi yule yule wa insha. Ni mzee wa Kibajuni, mzaliwa wa Ras Kamboni, kule mwisho wa kusini wa pwani ya Somalia, aliyehamia Mombasa baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991. Alikuja shuleni, tukamwamkia, akaketi mbele ya tangi lililokuwa tupu.

"Mwalimu," alisema, "hata kwetu samaki alifugwa. Lakini yule alikuwa na kazi. Hawa wako walikuwa na kazi gani?"

Alikuwa akimsema chazo. Samaki huyu ana kisahani juu ya kichwa, na kwa kisahani hicho hujigandisha kwa papa, kwa kasa, hata kwa ubavu wa chombo. Wavuvi wa Kibajuni walimfunga kamba mkiani, wakamweka hai ndani ya maji ya bahari mpaka siku ya kuvua. Walipomwona kasa humwachia chazo, naye akamwendea kasa na kumganda, nao wakavuta kamba. Si hadithi ya vibarazani hii. Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi wa Uingereza huko Unguja, aliitangaza London habari ya wavuvi wa pwani yetu wanaomtumia chazo, na mabingwa wa elimu ya wanyama wakaistaajabia.

Hatutaki kuisifu kazi ile kupita kiasi. Chazo naye alifungwa, tena kwa kamba hasa, na kasa siku hizi ni mnyama anayelindwa na sheria. Hata hivyo swali la mzee lilitukaa kooni. Mvuvi aliyemwacha chazo wake afe kwa uzembe alipoteza riziki ya nyumba yake. Sisi tuliowaua watano tulipoteza fedha kidogo tu. Mwenye kufuga kwa haja husukumwa na haja yake amtunze mfugo. Mwenye kufuga kwa kutazama hana kimsukumacho ila dhamiri, na dhamiri, twakiri, ililala tangu Jumatatu hadi Alhamisi. Tuliliomba daftari la mtoto yule, tukaifuta alama nyekundu.

Wala jambo hili si la darasa letu peke yake. Katika pwani ya Kenya, upande wa Kwale hasa, wako wapiga mbizi ambao riziki yao ni kuwakamata samaki wa rangi, ambao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani. Samaki wengi wa bahari wanaofugwa majumbani walitolewa baharini wakiwa hai, kwani ni aina chache tu zinazozalishwa kwa wingi ndani ya matangi. Wako vitatange ambao chakula chao ni matumbawe hai. Hao hufa njaa huku chakula kingine kimejaa mbele yao, na mnunuzi aliyependa rangi ya njano hajui kwa nini.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sayansi, alitukabili: mtoto wa Kitui ataipendaje bahari asiyoiona? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatukuweza kuipangua. Tulichokubaliana ni kwamba asiyeweza kulitazama tangi tupu kwa wiki sita hana haki ya kutia samaki.

Basi tulilijaza upya kwa maji, mchanga, na mawe tuliyookota nje ya mipaka ya hifadhi. Wiki ya tatu mzee alirudi, akachovya kidole, akaonja.

"Maji yamekoza chumvi, mwalimu."

Tulipima tukakuta gramu 39 kwa lita, hali maji ya bahari huwa na kiasi cha gramu 35. Kila maji yalipopungua tulijazia maji ya bahari, tukasahau kwamba maji hupaa na chumvi hubaki. Yafaayo kujazia ni maji baridi. Tulipunguza ndoo moja, tukatia maji ya mvua.

Wiki ya sita imepita sasa. Samaki hatujatia, na walimu wenzetu bado wanabishana. Lakini katika tundu la jiwe moja ametokeza kaa mdogo, ukubwa wake kama ukucha wa kidole gumba, ambaye hakuna aliyemnunua wala aliyejua kwamba yumo. Mtoto wa insha ndiye aliyemwona kwanza. Kila siku saa nne humtilia kipande cha dagaa, na Jumamosi, shule ikiwa imefungwa, huja yeye na babu yake kuongeza maji.