Jenga Ukingo Kabla Mtu Hajaanguka

Tafakari ya wiki
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Yohana 13:1-15



Wiki hii ina siku mbili zinazofuatana kwa karibu. Aprili 28 ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi duniani. Mei Mosi Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kumbukumbu iliyowekwa na Papa Pio XII mwaka 1955. Kwa ajili ya siku hizo nimechagua aya moja ambayo wengi wetu huipita tukikimbilia nyingine. Ni agizo la Musa kwa mtu anayejenga nyumba mpya: alizungushie paa lake ukingo, ili asije mtu akaanguka na nyumba ile ikabeba hatia ya damu.

Nyumba za wakati ule zilikuwa na paa bapa, na watu waliishi juu yake. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu ya paa, chini ya mabua ya kitani. Petro alipanda juu ya nyumba kule Yafa kusali, saa sita mchana. Watoto walicheza juu na wageni walipumzika huko. Sasa angalieni sheria inasema na nani. Haimwambii mgeni atazame anapokanyaga, wala haimkemei mtoto kwa kukimbia. Inamwambia mwenye nyumba ajenge, na ajenge tangu nyumba ikiwa mpya, kabla hajajua ni nani atakayeegemea ukingo ule.

Naomba tuipeleke aya hii mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi: kwenye mashine ya kusugua sakafu, ile ya betri, inayosukumwa usiku katika korido za hospitali, viwanja vya ndege, maduka makubwa na hata makanisa yetu yenye sakafu pana za terazo. Imewapunguzia kazi ya ndoo na dekio watu waliopiga deki wakiwa wameinama miaka mingi, na kwa hilo tumshukuru Mungu. Inabeba matangi mawili. La kwanza hutoa maji yenye sabuni, brashi inasugua, kisha raba ndefu iliyo nyuma inayakusanya maji machafu na feni inayanyonya kwenda tangi la pili. Mara nyingi chini ya matangi hayo kuna betri nne za volti 6 zilizounganishwa mfululizo kupata volti 24. Nyingi bado ni za risasi na tindikali, za aina ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859.

Niliwahi kumtembelea mama mmoja anayeendesha mashine hiyo katika hospitali, saa kumi alfajiri, kabla ya wagonjwa wa nje kuanza kufika. Baada ya kusalimiana aliendelea na kazi yake. Aliinua raba ya nyuma, akaipangusa kwa kitambaa, akapitisha kidole taratibu ukingoni mwake kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati akasimama. Palikuwa na mpasuko mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele. “Baba,” aliniambia, “raba ikiwa na kidonda hiki, inaacha mstari wa maji. Ukiwa umesimama huuoni. Anauona bibi wa watu akiwa ameshaanguka.” Akafungua vishikizo, akaigeuza raba, akairudisha. Raba ya mashine ile ina kingo nne. Ukiisha mmoja unageuza upande mwingine. Alijaribu hatua chache, akarudi nyuma, akainama kuitazama sakafu dhidi ya mwanga wa taa. Ilikuwa kavu. Ndipo akaanza zamu yake.

Nilipomtazama niliielewa ile aya kuliko nilivyoielewa darasani. Mama yule alikuwa anajenga ukingo. Bibi aliyemlinda hakuwa na jina kwake. Pengine muda huo alikuwa nyumbani, anaamka, anatafuta kadi yake ya kliniki na fimbo yake. Hatajua kamwe kwamba kuna mtu aliyempenda saa kumi alfajiri. Tumezoea kukiita upendo kile tunachofanya baada ya mtu kuumia: kumbeba, kumchangia, kumwombea. Musa anatufundisha upendo unaotangulia, ambao kazi yake ikifanikiwa hakuna tukio lolote la kusimulia.

Hebu tuzitazame tahadhari nyingine za mashine hii kwa macho hayo, na kila moja tuiulize: inamlinda nani?

Dawa za usafi. Dawa yenye klorini ikikutana na ile yenye asidi, kama baadhi ya dawa za kusafishia vyoo, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Ikikutana na yenye amonia, nayo hutoa mvuke wa sumu. Sasa mtu wa zamu ya jioni akiacha mabaki katika tangi, na wa zamu ya usiku akamimina dawa nyingine juu yake bila kujua, madhara yanampata asiyekosea. Kwa hiyo kusuuza tangi mwisho wa zamu ni kumpenda mwenzako anayekuja. Vivyo hivyo, petroli au kimiminika chochote kinachoshika moto hakivutwi kwa mashine hii, maana mota ya feni yaweza kutoa cheche.

Kuchaji. Betri ya risasi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuilipua. Kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kujikusanya chini ya dari, ndiyo maana chumba cha kuchajia kinahitaji matundu ya juu. Hata hivyo, ni mara ngapi mashine inachajiwa katika stoo isiyo na dirisha, chini ya ngazi, kando ya jiko la gesi la kuchemshia chai ya wafanyakazi? Weka mashine penye hewa, zima swichi, toa ufunguo, fungua kifuniko cha sehemu ya betri kama mtengenezaji anavyoelekeza, na pasiwe na moto wala sigara karibu.

Maji ya betri. Katika betri zinazoongezwa maji, hutiwa maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa kazi hiyo, wala si ya bomba, na kamwe tindikali haiongezwi. Huongezwa baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hutanuka wakati wa kuchaji na kikijaa mno kitafurika. Ila ukikuta vibamba vya ndani viko wazi, tia kwanza kidogo tu mpaka vifunikwe, kisha chaji. Anayefanya kazi hiyo avae miwani na glavu, avue pete na saa, na spana yake iwe imevikwa mpira, maana chuma kikigusa vichwa viwili vya betri kwa pamoja kitapiga shoti na kuunguza vibaya. Tindikali ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke mtu hospitali bila kuchelewa.

Kufunga kazi. Tangi la maji machafu limwagwe na kusafishwa kila siku, na kifuniko kiachwe wazi likauke. Raba ipanguswe na kuachwa imeinuliwa. Brashi itolewe isije ikalala chini ya uzito wa mashine na nywele zake zikapinda. Betri za risasi zichajiwe baada ya kazi, zisiachwe tupu siku kadhaa, kwa kuwa fuwele ngumu hujijenga kwenye vibamba na kuziua kabla ya wakati wake. Na kabla ya kugusa brashi au kufungua chochote kwa matengenezo, betri itenganishwe kwanza, ili mashine isije ikawaka huku mkono uko ndani.

Ndugu zangu, hapa ndipo somo letu linapotugusa sisi wenye nyumba: maparoko, masista wa hospitali, wakuu wa shule, wenye maduka, wenye kampuni za usafi. Mfanyakazi akiumia, swali letu la kwanza huwa, “Kwa nini hakuwa mwangalifu?” Kumbukumbu la Torati linaanza na swali jingine: nani alijenga nyumba hii bila ukingo? Tuliponunua mashine, tulinunua pia miwani na glavu? Kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha anayoisoma yule anayeishika, au kimefungiwa kabatini ofisini? Alifundishwa na fundi kwa muda wa kutosha, au alionyeshwa swichi na kuambiwa aanze? Ana ruhusa ya kusema, “Raba hii imekwisha, tununue nyingine,” bila kuogopa kuonekana msumbufu?

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliihesabu haki ya kufanya kazi katika mazingira yasiyoharibu afya kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003, na Kenya ina ya kwake ya 2007. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi katika kanuni na haki zake za msingi. Kwetu tunaosoma Maandiko, jambo hili lilikuwa amri zamani sana, na Mungu aliiandika karibu na amri ya kumrudishia ndugu ng'ombe wake aliyepotea. Ni sehemu ya kuishi vizuri na jirani.

Somo letu la pili linatupeleka kwenye chumba cha Karamu ya Mwisho. Tunapoadhimisha Alhamisi Kuu tunakumbuka kwamba Bwana aliwaosha mitume miguu. Yohana anaongeza jambo ambalo tunalipita haraka: aliifuta kwa taulo aliyojifunga kiunoni. Hakuiacha miguu ikidondosha maji. Aliosha, akakausha, akaimaliza kazi mguu kwa mguu, pamoja na wa Petro aliyebisha na wa Yuda aliyekuwa ameshaamua kumsaliti. Utumishi wa Kristo ni utumishi unaokamilika. Mtu anayerudi nyuma kukausha mstari mmoja wa maji koridoni anamfuata Bwana kwa karibu kuliko anavyodhani.

Wiki hii naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, ukiwa na mtu anayesafisha mahali unapofanyia kazi au unaposali, mjue kwa jina na umshukuru. Pili, ukiwa mwenye mamlaka juu ya jengo lolote, nenda mwenyewe katika chumba ambamo mashine na dawa zinawekwa. Tazama hewa inapitia wapi, tazama vifaa vya kujikinga vipo, kisha muulize mfanyakazi anahitaji nini na ukitekeleze kabla mwezi haujaisha. Tatu, ukiwa wewe ndiye unayeshika mashine, usiruke hatua hata moja kwa kuwa hakuna anayekuona, na usikubali kuifanya kazi ya betri bila kinga wala mafunzo. Maisha yako nayo yamo ndani ya ukingo ambao Mungu ameamuru ujengwe.

Tuombe. Ee Mungu, wewe uliyewawekea watu wako sheria ili asiangamie hata mgeni asiyejua njia, utupe moyo wa kutangulia kuwalinda wenzetu. Wabariki wanaosafisha hospitali, shule, masoko na nyumba zako za ibada. Uwalinde macho yao, mikono yao na pumzi zao. Utuamshe sisi tulio na funguo na fedha, tulipe deni hili tungali na nafasi. Kwa maombezi ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, kwa Kristo Bwana wetu. Amina.