Deni la Mtunga Sheria

Fundi aliyejenga nyumba mbovu hupita mbele yake akauona ufa. Mtunga sheria hana bahati hiyo. Kazi yake haisimami njiani ionekane na kila mtu. Huingia katika vyumba vya mahakama na nyuma ya kuta za magereza, ikatenda huko jambo ililoamriwa, na kilio cha walioumizwa nayo hakifiki upesi katika ukumbi ilimotungwa. Kwa sababu hii Bunge lipendalo haki halina budi kujipatia macho ya kuifuata sheria baada ya kuipitisha. Macho hayo yakiona ubaya, watu wote hukubali kuwa sheria irekebishwe au ifutwe. Lakini lipo swali gumu zaidi, ambalo aghalabu huachwa nje ya mlango. Bunge likisha kukiri kuwa sheria yake ilikuwa mbovu, na likaifuta kwa siku zijazo, je, limekwisha maliza wajibu wake kwa watu waliofungwa kwa sheria hiyo?

Swali hili si la kubuni. Uingereza na Wales zimeishi nalo tangu mwaka 2012, na mfano wake wastahili kutazamwa na kila msomi wa sheria.

Katika mwaka 2003 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Haki ya Jinai. Ndani yake, kwa shauri la Serikali ambayo Waziri wake wa Mambo ya Ndani alikuwa David Blunkett, mlikuwa na aina mpya ya kifungo, kilichoanza kutumika Aprili 2005, kwa ajili ya kuulinda umma. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la kutumia nguvu au la kujamiiana, na ambaye mahakama ilimwona kuwa ni hatari, hakupewa idadi ya miaka. Alipangiwa muda wa chini wa kutumikia. Muda huo ulipokwisha hakufunguliwa. Alibaki gerezani mpaka Bodi ya Parole iridhike kuwa usalama wa watu hauhitaji tena afungwe. Alipotoka, alitoka kwa masharti, na akivunja sharti aliweza kurudishwa ndani, tena bila ya ukomo. Sehemu ya kwanza ya kifungo ilikuwa malipo ya jambo alilolitenda. Sehemu ya pili ilikuwa malipo ya jambo alilohofiwa kuwa huenda akalitenda.

Nia ya watunga sheria haikuwa ovu. Walikuwapo watu waliomaliza vifungo vyao wakafunguliwa kwa kuwa miaka imetimia, ingawa kila aliyewajua alijua kuwa watadhuru tena. Na waliodhuriwa walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini Serikali haikuwalinda. Hofu ya watu ni jambo la kweli, na mtawala asiyeijali hafai. Lakini nia njema ni mbegu tu. Mavuno hutegemea namna ya kulima.

Kilimo cha sheria hii kilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Mswada wake ulikuwa mkubwa mno, wenye vifungu zaidi ya mia tatu. Mabishano makali yalihusu haki ya mtu kuhukumiwa mbele ya juri, na kama yafaa aliyeachiliwa huru ashitakiwe tena kwa kosa lile lile. Kifungo kipya hakikupata sehemu kubwa ya mabishano hayo. Serikali ilitazamia kuwa kingeongeza wafungwa 900 hivi. Hesabu ilipofungwa, waliokuwa wamehukumiwa kwacho walikuwa 8,711.

Sababu za tofauti hii hazikuwa za siri. Zilikuwa zimeandikwa katika sheria yenyewe. Mtu aliyekwisha kupatikana na kosa la namna hiyo zamani, jaji aliamriwa amdhanie kuwa ni hatari, isipokuwa kama dhana hiyo ilikuwa haina maana kabisa. Uhuru wa jaji wa kumpima mtu kama mtu ulipunguzwa sana. Kwa hiyo watu walipewa kifungo kisicho na ukomo kwa makosa ambayo, kwa kawaida, yangelipwa kwa miaka michache au miezi. Na yupo aliyepangiwa muda wa chini wa siku 28 tu. Tena mfungwa alitakiwa aithibitishie Bodi kwamba amebadilika, na njia ya kuthibitisha ilikuwa kuhudhuria mafunzo maalumu ambayo katika magereza mengi hayakuwapo au yalikuwa na foleni ndefu. Aliambiwa avuke mto, na mashua hayakuwekwa. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitamka kuwa kuwafunga watu kwa namna hiyo, muda wao wa chini umepita na mafunzo hayapatikani, kulivunja haki yao ya uhuru.

Bunge lilianza kuuona ufa mapema. Mwaka 2008 lilimrudishia jaji uhuru wake na kuweka kiwango ambacho chini yake kifungo hicho kisitolewe kwa kawaida. Mwaka 2012, Waziri wa Sheria akiwa Kenneth Clarke, lilikifuta kabisa. Lakini lilikifuta kwa watakaotiwa hatiani kuanzia tarehe 3 Desemba mwaka huo. Watu wapatao 6,000 waliokuwa gerezani kwa kifungo hicho waliachwa walivyokuwa.

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Wafikiriwe watu wawili, wenye kosa moja, umri mmoja na historia moja. Mmoja alitiwa hatiani Novemba 2012 akapewa kifungo kisicho na mwisho. Wa pili alitiwa hatiani katikati ya Desemba akapewa miaka yenye hesabu, akaitumikia, akarudi kwao. Wa kwanza, baada ya miaka kumi, bado husikia ufunguo ukigeuzwa kila jioni, wala hajui atatoka lini. Kinachowatenga si uovu, wala toba, wala hatari. Kinachowatenga ni kalenda. Haki inayotegemea kalenda yafanana na mizani ambayo jiwe lake hubadilishwa adhuhuri.

Bunge la Uingereza lina kamati za kudumu za kuchunguza kazi ya kila wizara, utaratibu uliowekwa mwaka 1979. Kamati yaweza kuita mashahidi, kudai karatasi na kuandika taarifa, na Serikali hutazamiwa kujibu. Lakini haiwezi kuamuru. Septemba 2022 Kamati ya Haki, chini ya uenyekiti wa Bob Neill, ilitoa taarifa juu ya kifungo hiki kilichokuwa kimefutwa miaka kumi nyuma. Ilisikiliza wafungwa na jamaa zao, majaji, wanasheria na wataalamu wa akili. Iliona kuwa ubaya wa kifungo hicho ulikuwa katika msingi wake, wala hautengenezeki; kwamba kutojua mwisho kulivunja akili za watu; na kwamba kuvunjika huko kulitumiwa tena kama ushahidi kuwa hawajawa salama. Wafungwa kadhaa wa kundi hili, ambao idadi yao imepita themanini, wamejiua gerezani. Shauri kuu la Kamati lilikuwa moja: Bunge lipitishe sheria ili wote waliobaki wahukumiwe upya, kila mmoja apewe adhabu yenye hesabu.

Februari 2023 Serikali ililikataa shauri hilo. Mwaka 2024 Bunge lilifupisha muda wa masharti kwa waliokwisha toka, na hilo lilikuwa jema la kweli kwa watu wengi. Lakini mlango wa waliokuwa hawajatoka haukuguswa. Mwisho wa mwaka huo zaidi ya watu 2,000 wa kifungo hicho walikuwa gerezani, pamoja na waliorudishwa. Na karibu 1,000 kati yao walikuwa hawajatoka hata mara moja.

Hoja za waliokataa zastahili kusikilizwa, kwa maana si hoja za watu wakatili. Wanasema kwanza kwamba maji yakimwagika hayazoleki: hukumu ilitolewa kihalali kwa sheria iliyokuwapo, na mahakama ikianza kufumua hukumu zake hakutakuwa na mwisho. Wanasema pili kwamba Bodi ya Parole imewapima watu hawa na kuona kuwa si salama; kuwafungua kwa nguvu ya sheria ni kumcheza kamari mtoto wa mtu asiyejua lolote.

Hoja ya kwanza ina kosa la kufananisha. Maji yaliyomwagika yamekwisha ingia ardhini. Mfungwa hajaingia ardhini. Yu hai, na kifungo chake si tendo lililopita bali ni tendo linalorudiwa kila alfajiri. Asubuhi ya leo Serikali inamfunga tena kwa amri ambayo Bunge lilisema haifai kumfunga mtu mwingine yeyote. Kuhusu mwisho wa hukumu, ni kweli kwamba hukumu yafaa iwe na mwisho. Lakini basi na kifungo nacho kiwe nao.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na haifai kujibiwa kwa maneno mepesi. Miongoni mwa watu hao wamo wenye hatari ya kweli. Wakihukumiwa upya, baadhi yao watatoka, na yawezekana mmoja akamdhuru mtu. Anayetetea kuhukumiwa upya na alikiri jambo hili wazi, maana haki inayoficha gharama yake ni ulaghai. Hata hivyo, gharama hiyo hiyo jamii huilipa kila siku kwa wafungwa wengine wote. Kila mwaka maelfu hutoka kwa kuwa miaka yao imetimia, na wengine wao ni hatari kuliko wengi wa kundi hili. Jamii haiwazuii, kwa kuwa imekubali kuwa mtu huadhibiwa kwa alilolitenda. Ikiwa kanuni hiyo ni ya kweli kwa wa Desemba, yawezaje kuwa uwongo kwa wa Novemba? Tena hatari inayohesabiwa leo si ile aliyoingia nayo gerezani. Sehemu yake imeoteshwa na kifungo chenyewe: mtu aliyenyimwa tumaini miaka kumi na mitano hawezi kuonekana mtulivu mbele ya Bodi. Si haki kumwashia mtu moto, kisha kumshitaki kwa kunuka moshi.

Mfano wa njia nyingine haupo mbali na wasomaji wa Kiswahili. Kenya ilirithi katika sheria ya adhabu ya enzi ya ukoloni amri kwamba mwuaji hana budi kuhukumiwa kifo, jaji asiweze kupima hali ya mtu wala ya tendo. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika shauri la Francis Karioko Muruatetu na mwenzake, ilitamka kuwa ulazima huo wapingana na Katiba. Haikuiondoa adhabu ya kifo yenyewe. Lakini iliwarudisha walioleta shauri wakasikilizwe upya juu ya adhabu yao, na mwaka 2021 ilieleza kuwa wengine waliohukumiwa kwa mauaji chini ya ulazima ule waweza kuomba vivyo hivyo. Kuhukumiwa upya si kuachiliwa. Ni kurudishwa mizanini, safari hii kwa jiwe lililo sawa. Huko Kenya neno la kwamba sheria imekosea lilifuatana na neno la pili, kwamba aliyekosewa arudi asikilizwe. Huko London neno la kwanza lilisemwa na la pili likamezwa.

David Blunkett mwenyewe, ambaye baadaye aliingia katika Baraza la Malodi, amekiri hadharani majuto yake juu ya kifungo hiki na amesema kwa ajili ya waliobaki. Ni jambo la heshima, maana wakubwa wanaokiri makosa ni wachache. Lakini majuto ya mtu mmoja hayafungui gereza. Mlango huu ulifungwa kwa kura za Bunge zima, na kwa kura za Bunge hufunguliwa.

Hii ndiyo maana ya uchunguzi wa Bunge juu ya sheria zake. Watu wengi huudhania kuwa ni kazi ya kumkamata waziri katika kosa. Kwa hakika ni kumbukumbu ya chombo ambacho husahau upesi, kwa kuwa wajumbe wake hubadilika na uchaguzi huwafanya watazame mbele daima. Kamati iliyorudi kutazama sheria iliyokwisha kufutwa ilifanya kazi bora kuliko ile ya siku ya kupitishwa kwake: iliwahesabu watu walioachwa nyuma. Ikiwa taarifa yake haikufuatwa, haikuandikwa bure. Imeondoa udhuru wa kutojua. Tangu siku ile, kila anayekaa katika ukumbi huo akanyamaza, hunyamaza akijua.

Kufuta sheria mbovu ni kuacha kukopa, na ni mwanzo mwema. Lakini aliyeacha kukopa hajalipa alichokopa jana. Waswahili walikwisha kuamua shauri hili kwa maneno machache: dawa ya deni ni kulipa.