Mgeni Njoo, Mwenyeji Afungashe?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Desemba 2022, kule Boulder, Marekani, mgeni alikuja kweli, ila si kila mwenyeji aliyepona.

Deion Sanders, nyota wa zamani wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na siyo kabumbu letu, alikabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Colorado. Msimu ule ilikuwa imeshinda mechi 1 na kupoteza 11. Kwenye kikao cha kwanza, kabla hajawaona wachezaji hata kwenye zoezi moja, aliwaambia anakuja na mizigo yake, tena ya Louis Vuitton, na wao waanze kutafuta pa kwenda. Mizigo yenyewe ilikuwa wachezaji wapya. Zaidi ya 50 wakaondoka, wengine kwa hiari, wengine kwa kuonyeshwa mlango.

Msimu wa 2023 ukaanza kwa kishindo. TCU, waliokuwa wametoka kucheza fainali ya taifa, walipigwa 45–42 nyumbani kwao. Mechi 3, ushindi 3. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Oregon wakawachapa 42–6. Stanford walikuwa nyuma 29–0, wakapanda mpaka wakashinda 46–43. Hesabu ya mwisho: ushindi 4, vipigo 8.

Sasa tujiulize: kocha mpya anadaiwa nini na wachezaji aliowakuta?

Wapo watakaosema hadaiwi kitu, maana alisema ukweli mchana kweupe. Hoja hii ina uzito. Makocha wangapi humchekea mchezaji usoni huku jina lake wameshalikata? Lakini ukweli unakuondolea dhambi ya uongo tu, haulipi deni. Mwenye nyumba akikutimua kwa lugha ya wazi, bado hujui utalala wapi.

Wengine watasema tuangalie matokeo. Haya, 2024 walishinda 9, na Travis Hunter, aliyekuja na Sanders, akatwaa tuzo ya Heisman. Ila 2025 wakaangukia ushindi 3, vipigo 9. Je, walioondolewa walitendewa haki 2024, kisha wakadhulumiwa 2025? Haki gani hiyo inayosubiri matokeo ya Jumamosi?

Mimi naona hivi. Kijana wa miaka 18 aliahidiwa na chuo, kwa mdomo wa kocha aliyekuwepo. Kocha akiondoka, ahadi inabaki kwenye kiti, na anayekikalia anarithi mshahara pamoja na madeni. Cheo ni dhamana, siyo?

Sisemi kila aliyekutwa apangwe kucheza. Huu ni mchezo wa ushindani, na asiyeweza atakaa nje. Nasema apimwe kwanza, ndipo aambiwe. Ukipimwa ukashindwa, inauma, lakini angalau kuna mtu aliyekutazama. Kuambiwa ufungashe na mtu asiyekujua hata jina ni kufanywa mzigo, tena usio na chapa.