Mtoto Mwenye Njaa na Bakora ya Mwalimu

Ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema jambo ambalo sisi walimu ndio wa kwanza kulaumiwa kwalo.

Kila asubuhi chuoni twamwona mtoto asinziaye juu ya juzuu yake. Jana alihifadhi aya tatu, leo hata moja haikumbuki. Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tumepata kumwinulia bakora na kumwita mvivu kabla ya kumwuliza amekula nini. Siku tulipouliza, mmoja alitujibu kwamba jana alilala bila ya chakula, na asubuhi alikunywa chai isiyo maziwa, basi.

Imepokewa ya kwamba Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Allah zimshukie, alikuwa hampi mtoto fungu la Baitulmali ila akiisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja alisikia mtoto akilia sana. Mama yake, asimjue aulizaye ni nani, akamwambia kwamba anamwachisha ziwa mapema ili lile fungu lipatikane. Alfajiri ile Umar alisalisha huku akilia hata kisomo chake kisisikike vizuri, kisha akaamuru kila mtoto apewe fungu tangu kuzaliwa. Yeye alijilaumu nafsi yake. Sisi twamlaumu mtoto.

Matabibu wametubainishia ya kwamba mwili ukikosa madini ya chuma, damu hupungua, mtoto akachoka upesi na akili yake isitulie juu ya somo. Minyoo nayo humnyonya damu hiyo hiyo. Chuma hicho kimo katika ini, nyama, dagaa, kunde, mbaazi na mboga za majani. Na ndimu au chungwa huusaidia mwili kukipokea kile cha nafaka na mboga. Walakini chai inywewapo pamoja na chakula hukizuia. Tazameni basi: mkate mkavu na chai ndiyo riziki ya asubuhi katika nyumba nyingi, na hata mwenye uwezo hufanya hivyo kwa mazoea tu! Mbaazi za jana zilizobaki chunguni zina kheri kuliko hayo.

Waliosoma skuli za msingi miaka ya themanini wanayakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa mwaka 1979. Wako waliokwenda skuli kwa kuyatamani, na wakiwa kule wakasoma. Maziwa hayo yalikoma. Lakini ng'ombe wa harusi zetu hawajakoma kuchinjwa, na masazo ya pilau twayaona yakimwagwa na jirani ana watoto watano.

Katika darsa yetu tumeafikiana kwamba wanafunzi wapewe uji kabla ya somo, wote pamoja, tajiri na maskini, ili asijulikane nani mhitaji. Bakora tumeiweka juu ya kabati. Sufuria tumepata, na unga wa wiki mbili umeahidiwa. Kuni hatuna bado. Mwenye nazo na azilete baada ya sala ya Alasiri.