Maabara Ni ya Nani?

Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, washarika wengi huyasikia katika matangazo ya ibada: shule yetu ya dayosisi imefanya vizuri, tumshukuru Mungu. Tunashukuru, na ni haki kushukuru. Lakini jirani na shule nyingi za kanisa ipo sekondari ya kata, na watoto wa washarika walewale wanasoma huko. Habari zao hazitangazwi. Basi tujiulize kwa uaminifu: maabara na kompyuta zilizo ndani ya uzio wetu zinatudai nini kwa ajili ya watoto walio nje ya uzio huo?

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Kuwapa watu wote sawasawa ni jambo moja. Kumpa kila mtu kwa haki ni jambo jingine. Katika Kutoka 16 Waisraeli waliokota mana, wengine nyingi, wengine kidogo, kila mmoja kwa nguvu zake. Walipoipima kwa pishi, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada, wala aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kipimo cha Mungu hakikuwa nguvu za mwokotaji, bali mahitaji ya waliomo hemani. Mtume Paulo anaikumbuka habari hii katika 2 Wakorintho 8 anapowaomba Wakorintho wawachangie ndugu wa Yerusalemu. Hataki Wakorintho walemewe ili wengine wastarehe. Anataka wingi wa hawa ujaze upungufu wa wale, na huko ndiko anakokuita usawa.

Sasa tutazame darasani. Mtihani wa Taifa ni mmoja. Siku ni moja, saa ni moja, maswali ni yaleyale. Kwa juu juu huo ni usawa kamili. Lakini mtoto mmoja ameshika bureti kwa mikono yake, amefungua koki polepole na kuona rangi ikibadilika kwa tone moja tu. Mwenzake ameiona bureti ikiwa imechorwa kwa chaki ubaoni. Kwa miaka mingi wanafunzi wa shule zisizo na maabara walifanya karatasi iliyoitwa mbadala wa vitendo: waliandika juu ya jaribio badala ya kulifanya. Tena wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia na kemia zinafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto huyo anabeba mizigo miwili, wa lugha asiyoizoea na wa kifaa asichokiona.

Hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, na wananchi wakachangia mchanga, mawe na fedha. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne. Baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Hizo ni hatua za kweli. Lakini chumba chenye meza ndefu hakijawa maabara mpaka kiwe na maji, chanzo cha moto, kemikali, na mwalimu anayejua kuvitumia. Na kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu hakijamfikia bado mtoto aliyekaa dawati la nyuma.

Labda mtu atauliza kama mambo haya kweli ni ya imani, au tumeingilia kazi ya Wizara. Tumkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Sekondari ya Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanaacha yapoe, kisha wanaweka kwenye friji ya kugandishia. Siku moja nafasi ilikuwa ndogo, naye akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa, na wenzake wakaifanya fizikia ya Mpemba kuwa utani. Siku moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi, akajaribu kwa bika mbili za maji. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza shuleni, na Mpemba akasimama akauliza mbele ya watu wote. Wanafunzi wakacheka, lakini Osborne alirudi Dar es Salaam akalipima jambo lile. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi duniani wanajadiliana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la kijana yule.

Tunataja habari hii kwa sababu inaonyesha kinachohitajika ili karama ya mtoto ionekane. Palikuwa na friji. Palikuwa na maabara ambayo mlango wake haukufungwa. Tena palikuwa na mtu mzima mmoja aliyekubali kwamba swali la kijana linastahili kupimwa. Ondoa kimoja tu kati ya hivyo, na leo tusingelijua jina la Mpemba. Ni akina Mpemba wangapi wameulizia kitu ambacho shule yao haikuwa nacho?

Hapo ndipo imani inapoingia. Katika Mwanzo 2 Mungu anamletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Muumba mwenyewe anangoja kusikia mwanadamu atasema nini juu ya viumbe! Kazi hiyo ya kutazama, kutofautisha na kutaja majina alipewa mwanadamu, kabla hapajakuwa na mwenye ada na asiye na ada. Kwa hiyo tunapomnyima mtoto nafasi ya kuvitazama viumbe kwa karibu, tunamzuilia kitu alichopewa na Mungu. Na hasara si yake peke yake. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba kila kazi halali ni wito wa kumtumikia jirani. Zahanati inayokosa mtaalamu wa maabara, na kijiji kinachokosa fundi wa pampu ya maji, vinalipa gharama ya somo ambalo mtoto hakulipata.

Msichana hulipa zaidi. Jioni kaka yake anaposhika daftari, yeye anashika ndoo. Hata pale kompyuta zilipo chache, mara nyingi wavulana ndio wanaokaa mbele ya kibodi, na yeye anasimama nyuma akitazama. Martin Luther aliandika tangu mwaka 1520 kwamba kila mji uwe na shule ya wasichana pia. Ni urithi wa kanisa letu, si jambo geni lililoletwa na wafadhili.

Zipo hoja za upande wa pili, na zina uzito. Ya kwanza: wazazi wamelipa ada, hivyo vifaa ni vya watoto wao. Ni kweli kwamba wamelipia masomo, na masomo hayo yasiguswe. Lakini maabara inayofungwa Jumamosi nzima na likizo nzima haimnyang'anyi mtu kitu ikifunguliwa. Tena nyingi ya majengo na kompyuta hizo zilitokana na sadaka za washarika wote na misaada ya makanisa rafiki, si ada peke yake. Ya pili: vifaa vitavunjika. Vitavunjika kweli. Lakini kompyuta iliyofunikwa kitambaa ofisini nayo inakufa, polepole, bila kumfaa mtu. Mtumishi aliyefukia talanta yake aliitunza vizuri sana, na hakusifiwa. Ya tatu: hii ni kazi ya serikali. Naam, na mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwadai watimize wajibu wao kwa shule. Nasi tuwadai wetu kwa heshima, katika vikao vya kata na halmashauri. Ila kumdai mwingine hakumpunguzii mtu deni lake mwenyewe.

Tufanyeje basi? Matendo 6 inatuonyesha njia. Wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuishia kuwaombea. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye kuaminika, wakawakabidhi kazi. Na majina ya wale saba yote ni ya Kiyunani. Kwa maneno mengine, waliosahauliwa waliwekwa mahali pa kugawa.

Tukifuata njia hiyo, shule ya kanisa itakaa na walimu wa sekondari ya kata na kupanga Jumamosi za vitendo, na walimu hao watakuwa wenye mpango pamoja nasi, si wageni wa kuhurumiwa. Zamu za wasichana kwenye kompyuta zitaandikwa ukutani ili zisichukuliwe na wenye nguvu. Gharama ya kemikali itahitaji fedha, lakini sharika zinazojua kunadi kuku na mkungu wa ndizi baada ya ibada hazishindwi kununua tindikali ya majaribio na karatasi za kuchujia. Na wazee wa kanisa wanaposoma matokeo mwakani, wasome ya shule zote mbili, kwa kuwa watoto wote hao walibatizwa kwenye kisima kimoja.

Mungu aliyewapimia watu wake mana jangwani atupe mkono mwepesi wa kufungua mlango.