Sitara na Mhuri

Kila dirisha la maombi ya mikopo linapofunguliwa, baraza yangu hapa Tanga hujaa vijana wenye bahasha za kaki. Fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wamekwishaijaza mtandaoni na kuichapa, mdhamini ametia sahihi, bado wakili wa kuwaapisha na mhuri wangu mimi mwenyekiti wa mtaa. Kugonga mhuri ni kazi ya dakika moja, lakini kuna usiku ambao fomu hizo hazinipi usingizi.

Madrasani tulifunzwa kwamba shahidi hafichi anachokijua. Tukafunzwa pia kumsitiri mwenzako, usiianike hali yake. Mambo hayo mawili sikupata kuyaona yakigongana mpaka mwaka juzi, alipokuja kijana wa jirani yangu, muuza vitumbua. Amefaulu vizuri kidato cha sita, lakini hana cheti cha kifo cha baba yake. Mzee alifariki 2017 akazikwa alasiri ile ile. Kibali cha maziko kilipatikana, na baada ya hitima hakuna aliyekumbuka karatasi. Bila cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vifo, mbele ya Bodi yule mtoto hajafiwa.

Mama yake alikuja kwangu baada ya isha.

"Dada, mimi sijapata kumnyooshea mtu mkono. Leo nikamwandikishe marehemu ili tupewe pesa?"

Nilinyamaza. Surat al-Baqara inawataja mafukara wanaodhaniwa kuwa matajiri kwa sababu ya kujizuia kwao, na mmoja wao alikuwa amekaa kwenye mkeka wangu. Kila Ramadhani alituletea sahani ya futari iliyofunikwa kawa. Ni binti yangu aliyeniambia kwamba wao wenyewe hufuturu kwa chai ya rangi na vitumbua vilivyobaki.

Lililoniuma zaidi lilikuwa langu mwenyewe. Mwaka mmoja kabla nilimgongea mhuri mtoto wa mtu mwenye Fuso mbili, na fomu inasema familia haijiwezi. Niliogopa kuvunja ujirani, nikajiambia namsitiri. Haikuwa sitara. Sitara hufunika aibu ya mtu, haifuniki haki ya mwingine, na fungu la Bodi halijawahi kuwatosha wote wanaoomba. Anachopewa asiyestahili kimetoka kwa mtu, na mara nyingi kimetoka kwa yule aliyeona haya kusema.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii si sadaka. Ni deni. Akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe." Nilisema hivyo kwa moyo mweupe, maana ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo, ambayo watu wengi msikitini kwetu waliiita riba, ilifutwa 2021. Kabla ya hapo nisingethubutu kumtuliza mtu kwa neno hilo.

Akanitazama. "Anayekopa, dada, huulizwa ana nini. Mwanangu anaulizwa hana nini."

Ni kweli, na mpaka leo sina jibu la kumshinda. Mkopo huu unamtaka mtu aape juu ya ukata wake, mbele ya wakili asiyemjua. Lakini naamini kuna tofauti kati ya kuanikwa na kushuhudiwa. Anayekuanika hataki chochote ila watu wakuone; shahidi husimama nawe, na ulimi wake nao una hesabu kwa Mungu. Nilimwambia nitakwenda naye.

Kibali cha maziko alikitoa ndani ya msahafu, kimekunjwa mara nne. Niliandika barua ya mtaa, tukaenda wilayani. Karani alipouliza jina la marehemu, nilidhani mama yule atanitazama nimsaidie. Alilitaja mwenyewe, majina yote matatu, kwa sauti iliyowafanya waliokuwa kwenye foleni wanyamaze. Cheti kilipotoka na kuhakikiwa, nikaigonga mhuri fomu ya kijana. Mwaka huo huo walikuja wengine wawili wasio na haja. Nikawarudisha, na mmoja hanisalimii hadi sasa.

Ramadhani iliyofuata sahani ilikuja, imefunikwa kawa ile ile. Binti yangu alitaka turudishe. Nilimkataza. Niliipokea kwa mikono miwili, tukala.