Aliyelichafua jina alipe

Kusuluhisha ugomvi nyumbani ni hekima tuliyorithi, na imeokoa undugu mwingi. Hata hivyo, lipo kosa moja ambalo vikao vyetu vya ukoo bado havijui kulipima: mtu kufungua akaunti mtandaoni kwa jina na picha ya mwenzake, kisha akasema na kutenda kwa niaba yake.

Mtaani kwetu yupo mama ambaye ni kijumbe wa upatu. Hana duka wala shamba. Mtaji wake ni kuaminika. Mtu alifungua akaunti ya Facebook yenye jina na sura yake, akawaandikia wanachama kwamba mchango utumwe kwenye namba mpya. Baadhi walituma. Mambo yalipobainika, minong'ono ikaanza kwamba huenda mwenyewe anajua.

Alikwenda polisi, akachukua RB, yaani namba ya taarifa yake. Ilipojulikana kuwa mhusika ni kijana wa ukoo wa mwanachama mmoja, wazee wakaingia kati. Kijana akaomba radhi, fedha zikarudishwa, ikasemwa yaishe. Lakini radhi ile iliombwa sebuleni, na uongo ulikuwa umeshazagaa mtaa mzima. Wanachama kadhaa walikwishahamia kwa kijumbe mwingine. Waliotapeliwa fedha walilipwa. Aliyeibiwa jina hakupata hata senti, na hakuna aliyeona kwamba anadai.

Anadai, tena kisheria. Tumezoea kuliona kosa hili kuwa la polisi tu, na kweli Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 15, ni kali: faini isiyopungua shilingi milioni 5 au mara tatu ya manufaa aliyoyapata mkosaji, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ila faini ni ya serikali. Anayetaka kufidiwa heshima na riziki yake anayo njia ya kesi ya madai, akidai kashfa na hasara aliyoipata. Huko hahitaji kuthibitisha bila kuacha shaka, kama ilivyo katika jinai. Inatosha maelezo yake yawe na uzito zaidi kuliko ya mdaiwa.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu jijini London iliamua kesi ya namna hii. Mtu alimfungulia rafiki yake wa zamani ukurasa wa Facebook, akaweka humo mambo ya faragha na ya uongo, pamoja na kundi lililodokeza kwamba halipi madeni. Ukurasa ulidumu wiki mbili na ushei tu. Ilipoonekana kwamba ulifunguliwa kwa kompyuta ya nyumbani kwake, alijitetea kuwa ni kazi ya wageni waliokuja kwenye sherehe. Jaji hakumwamini. Aliamriwa kulipa pauni 22,000: pauni 15,000 kwa kumkashifu mwenzake, 2,000 kwa kuingilia faragha yake, na 5,000 kwa kampuni ya huyo mwenzake.

Wapo watakaosema ni utani tu. Utani tunaujua, makabila yetu yamelelewa nao. Mtani hukutania uso kwa uso, kila mtu akijua anayesema ni nani, nawe una zamu yako ya kumjibu. Anayejificha nyuma ya sura yako amekunyima hata nafasi ya kujibu, kwa sababu watu wanaamini aliyesema ni wewe.

Yakikupata, usikimbilie kuomba akaunti ifutwe kabla hujahifadhi ushahidi. Piga picha za skrini, nakili anwani ya ukurasa huo, andika tarehe, tunza ujumbe waliotumiwa watu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo kupokelewa mahakamani, mradi uhalisia wake uthibitike. Kisha muone wakili.

Nanyi wazee mnaokaa kusuluhisha, endeleeni, maana si kila jambo ni la mahakama. Ila mkishahesabu fedha zilizoibwa, hesabuni na jina lililochafuliwa. Mkosaji alisafishe hadharani, mbele ya wale wale aliowadanganya, na amlipe mwenye jina hasara yake. Bila hivyo, tusiseme yamekwisha.